Busu la Tatu la Bwana Tonyo

Harufu ya Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ni ndakala, dagaa wanaoanikwa mchangani, na mtu akikuambia haipendi harufu hiyo, ujue si wa kwetu, au ni wa kwetu anayejifanya amesahau. Lakini kiangazi kimoja, nikiwa mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa yamekwisha kuota upya, nchi ikiitwa bado Zaire, uani kwetu iliingia harufu ya pili ikashindana na ile ya ndakala: harufu ya kahawa. Siyo ile kahawa ya tangawizi ambayo wazee wa msikitini walikunywa kwa vikombe vidogo baada ya sala ya alasiri. Hii ilipikwa kwa namna yake. Maji yalichemshwa kwanza pamoja na sukari, ukafuata unga wa kahawa, kisha yote yakapitishwa kwenye mfuko mwembamba wa kitambaa uliokuwa umegeuka rangi ya udongo. Bibi yangu, mama yake baba, alipouona mfuko ule mara ya kwanza aliuliza kwa sauti, mpishi akiwa palepale: "Ile si soksi ya muguu?" Hata hivyo akanywa, akaomba tena, na tangu siku ile akawa anakohoa kila asubuhi karibu na mlango wa mpishi, kukumbusha kwamba ameamka.

Mpishi huyo alikuwa Mbrazili, fundi wa pampu za maji, aliyeletwa na mapadri kufunga visima katika vijiji vya Fizi. Jina lake lilikuwa refu kama njia ya Lulimba, sisi tukalikata tukabaki na kipande kimoja: Tonyo. Mapadri hawakuwa na chumba cha ziada, na baba yangu alikuwa na nyumba ya bati yenye sakafu ya sementi, mojawapo ya chache pale ufukweni, kwa hiyo chumba chetu cha mbele kikawa cha Bwana Tonyo. Majirani walishangaa kuona Mwislamu mwenye vyombo viwili vya kuvuka maji kwenda Ubwari akimlaza nyumbani kwake mtu wa misheni. Baba akawajibu kwamba mgeni anapofika hana dini, ana njaa tu. Watoto wa mtaa nao walikuja kumwona mzungu wakarudi wamenuna. "Muzungu gani huyu?" walilalamika. "Iko mweusi kama mwalimu yetu!" Ni kweli. Bwana Tonyo alikuwa na ngozi ya rangi ya mbegu ya papai na nywele za kujikunja, na aliponiambia kwamba babu wa babu zake walitolewa pande hizi za kwetu kwa minyororo, sikumwamini, nikadhani anatafuta undugu ili apewe samaki mkubwa.

Hapa lazima niseme jambo juu yangu mwenyewe, na sijisifu, nasema kilichopo. Shule niliiacha darasa la nne. Leo nina maduka Baraka, nina boti zenye injini, na watu wenye diplomu za chuo kikuu wanakaa kwenye kiti changu cha plastiki kusubiri nimalize kula. Mtaji wangu wa kwanza haukuwa pesa, ulikuwa kujua namna ya kuingia kwa watu na namna ya kutoka. Baba aliliona hilo mapema. Kaka zangu walikuwa na vichwa vya hesabu, mimi nilikuwa na kichwa cha watu. Ndiyo maana aliniita akaniambia mbele ya mgeni: "Huyu ni mutu yako. Utamufundisha adabu ya kwetu, asituletee haya." Tonyo alikuwa amejifunza Kiswahili miezi michache kule Bukavu, Kiswahili cha kuvunjikavunjika, lakini kilitutosha. Basi nikawa mwalimu kabla sijajua kuandika barua.

Nilimfundisha yote. Kwamba ukiingia mahali unaanza na mkubwa, hata kama mdogo ndiye aliyekaa karibu na mlango. Kwamba mkono wa kulia unatolewa na wa kushoto unashika kiwiko, kana kwamba heshima ni mzigo mzito usiobebeka kwa mkono mmoja. Kwamba mzee humtazami machoni kama unayemdai, na kwamba habari unayoileta inasubiri mpaka umeulizia nyumba, watoto, shamba, ziwa, na yule mgonjwa wa juzi. Nilimfundisha pia salamu ya wanaume marafiki, ya kugusanisha vipaji vya uso mara tatu, kulia, kushoto, kulia. Mara ya kwanza alinigonga kama mbuzi dume, nikaona nyota mchana. Kwenye ugali ndipo alipoteseka sana. Kwao, alisema, mtu mwenye adabu hashiki chakula kwa vidole. Hata andazi analishika kwa kikaratasi, na mguu wa kuku anahangaika nao kwa kisu na uma mpaka unapoa. Bibi alimtazama akiufukuza ugali kwenye sahani kwa uma, akasema: "Muache. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Njaa itamufumba." Siku chache baadaye alikuwa anamega matonge na kuchovya kwenye mboga ya sombe kama mtu aliyezaliwa Kilembwe.

Naye alinifundisha ya kwao, jioni, tukiwa barazani naye anakunywa ile kahawa yake. Wanaume wa kwao wanakumbatiana na kupigana makofi ya mgongo mpaka vumbi litoke. Ukialikwa karamu saa moja usiku usiende saa moja, utamkuta mwenyeji yuko bafuni, naye ndiye atakayeona umemkosea. Ukiingia unamsalimu kila mtu, ukitoka unamuaga kila mtu, na mwenyeji lazima alalamike kwamba bado ni mapema, hata kama anasinzia. Usimwonyeshe mtu duara la kidole gumba na cha shahada ukidhani unasema mambo ni mazuri. Kwao ni tusi la kuvunja urafiki. Onyesha kidole gumba peke yake, kimesimama. Na wanawake, alisema, wanasalimiwa kwa busu. Niliruka. Akacheka, akanionyesha kwa kutumia nguzo ya baraza: shavu linakaribia shavu, na mdomo unabusu hewa tu. Kila mji una idadi yake. Mahali pengine moja, pengine mbili. Kwao yeye, kwenye milima ya ndani, ni tatu. "Moja ya jambo," alisema akihesabu kwenye nguzo. "Mbili ya urafiki. Tatu ya kuolewa!" Msichana ambaye hajaolewa ukimpa mbili ukaishia hapo, anakasirika, maana umemnyima ile inayomwombea mume. Nikamwambia kwa ukali wa mwalimu kwamba huku kwetu asithubutu. Kwetu shavu la binti wa watu halikaribiwi. Akaapa, na kwa muda wote ule akawasalimu wanawake kwa mbali, mkono kifuani, kichwa kimeinama, hata bamama wa sokoni wakawa wanamtania: "Wee Tonyo, tunanuka?"

Sasa dada yangu Zaina. Alikuwa mkubwa wetu, mrembo, mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwenye vyombo. Mwaka mmoja kabla ya Tonyo kuja, watu wa Uvira walikuwa wameanza kumposa, kisha wakanyamaza, bila neno, bila sababu. Mji mdogo una ulimi mrefu. Walisema ameonekana na kasoro, na kila aliyesema aliiongeza ile kasoro kijiko kimoja. Baadaye akatokea Rashidi, kijana fundi wa injini kutoka Ubwari, na safari hii Zaina mwenyewe alikuwa amempenda. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka na kurudisha salamu zao. Baba yake Rashidi alikuwa amefariki, kwa hiyo mwenye neno alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Sadi, mtu mrefu, mkavu, ambaye kofia yake ya kushonwa kwa mkono haikuwahi kuonekana imekaa upande. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kuzungumzwa. Ilibaki siku moja tu: Mzee Sadi aje, Zaina awanawishe wageni mikono, wamwone, watamke siku ya ndoa. Posa hii nayo ikivunjika, hakuna aliyekuwa na shaka na yatakayofuata. Msichana aliyeachwa mara mbili kabla ya kuolewa, kwetu wakati ule, alikuwa chungu chenye ufa: kila mtu anakisifia umbo lake na hakuna anayekipikia.

Walifika kabla ya adhuhuri, Mzee Sadi na bamama wawili wa nyumba yake, miguu bado na mchanga wa ufukweni. Rashidi hakuja, maana mwenye kuposa hajiposei. Mikeka ilitandikwa, wageni wakaketi, bibi akachukua kigoda chake akakaa karibu na mlango kama kawaida yake, apate upepo. Mazungumzo yakaanza polepole kama inavyotakiwa, ziwa, upepo, bei ya nyavu. Katikati ya hayo akaingia Bwana Tonyo kutoka kazini. Alikuwa amekwisha kuoga na kubadili shati. Alioga mara nyingi mno kwa siku, bibi akiogopa kwamba "huyu mutu siku moja atayeyuka kama sabuni". Na hapo mwanafunzi wangu alinipa raha. Alianza na Mzee Sadi, mkono wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kiwiko, macho chini. Akaulizia nyumba, akaulizia watoto, akaulizia safari ya ziwani. Kwa bamama akaweka mkono kifuani. Mzee Sadi akamgeukia baba: "Eee! Huyu amelelewa!" Mimi nilivimba kifua kama jogoo. Tonyo akaketi karibu yangu, akaninong'oneza, "Iko nini leo?" Nikamjibu, "Batu ba Rashidi. Banakuya kutaja siku ya ndoa."

Nimeishi sana na watu wa kila aina, nimegundua jambo hili: adabu uliyojifunza ukubwani unaitumia ukiwa na hofu, lakini furaha ikikupiga ghafla unarudi kwenye ile uliyonyonya kwa mama yako. Uso wa Tonyo uliwaka. Zaina alikuwa mtu aliyemletea chakula kila siku na kumcheka Kiswahili chake kila siku; alimpenda kama dada. Sasa Zaina anaingia, birika mkono mmoja, bakuli mkono wa pili, kanga imemfunika nusu ya uso, anatembea taratibu kama alivyofundishwa. Sikupata nafasi ya kumshika Tonyo. Alisimama mikono wazi: "Zaina! Unaolewa!" Akamfikia. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Kisha, akicheka kwa furaha, la kulia tena.

Birika liliinama, maji yakamwagikia mkekani, na hakuna aliyesogeza mguu. Mama mmoja wa Ubwari akaanza, "Yo! Yo! Yo!" Mzee Sadi alisimama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Bwana," alimwambia baba, "kumbe mutoto iko na wenyewe. Tumeona kwa macho yetu. Tunaenda." Baba akabaki ameketi mkekani. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na kwa desturi yetu baba wa binti hawezi kumbembeleza mtu amchukue binti yake. Akibembeleza, amemshusha zaidi. Tonyo alikuwa ametambua sasa. Rangi ya mbegu ya papai ilimtoka, akawa kama majivu. Na Zaina, nakumbuka, hakulia. Aliutazama mlango tu, kana kwamba anaona maisha yake yakijiandaa kutoka.

Mlangoni ndipo alipokuwa bibi. Hakuinuka. Alinyoosha miguu yake yote miwili, polepole, mpaka nyayo zikagusa mwimo wa upande wa pili. Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa ukuta ule ulikuwa mrefu kiasi gani. Miguu ya mzee hairukwi. Mtoto akiiruka anarudishwa airuke upya kinyumenyume. Mtu mzima akiiruka, ametamka laana bila kufungua kinywa. Mzee Sadi alisimama mbele ya miguu ile myembamba yenye mikwaruzo akakosa njia.

"Mama," alisema, "nipishe."

"Vuka," bibi akajibu. "Kama kwenu Ubwari munaruka bamama, ruka."

"Mama, siruki."

"Basi kaa. Na kwanza, tangu lini mutu mukubwa anatoka kwa batu bila kuaga? Umekuya na salamu, unaondoka kama mwizi wa bata? Kaa, uage, nitakunja miguu."

Mzee Sadi alikuwa mtu wa adabu, na adabu ndiyo iliyomnasa. Ili aage ilimbidi aketi. Akaketi, juu ya ncha ya mkeka, kofia imemkaa upande kwa mara ya kwanza. Bibi hakumpa nafasi ya kuaga. Alininyooshea kidole. "Huyu mutoto anashinda na ule muzungu. Wee, mudomo yako si ndefu kila siku? Sema mbele ya bazee, kwao ile kitu maana yake nini." Mtoto hasemi mbele ya wakwe. Lakini nilisimama, na sikutetemeka, Mungu anajua. Nilieleza kama nilivyoelezwa, habari ya mashavu na hewa, habari ya miji na idadi zake, na kwamba ya kwanza ni ya jambo, ya pili ya urafiki, na ya tatu wanaitoa kwa msichana tu, kumwombea ndoa. "Asingempa ya tatu," nikamaliza, "angekuwa anamutakia Zaina akose bwana."

"Na mudomo?" akauliza Mzee Sadi. "Tumesikia mulio."

Ndipo Zaina aliposema, birika bado mkononi, macho chini lakini sauti imenyooka: "Baba Mukubwa, mudomo haukunigusa. Amebusu upepo." Na yule mama wa Ubwari aliyekuwa amepiga yowe, mtu wa upande wao wenyewe, akakuna kichwa: "Kwa kweli nilikuwa karibu. Ni kama kuku anadonoa, lakini hakuna punje." Tonyo alikuwa amepiga magoti sakafuni. "Muzee, miye kosa," alisema. "Kwetu, tatu ni kuombea mutu mema." Mzee Sadi akamkata: "Dua gani inaombwa na shavu?"

"Ngoja tuone," bibi akadakia. Alivuta ncha ya kikwembe chake, akafunika shavu, akainua uso. "Muzungu, kuya huku. Mi iko mujane. Na mi nataka ile ya tatu."

Tonyo alimtazama baba. Baba, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa sababu nyingine sasa, akatikisa kichwa kukubali. Basi mbele ya wakwe, katika nyumba ya Kiislamu, Mbrazili yule alimsogelea kwa magoti akabusu hewa pembeni ya kikwembe cha bibi yangu, kulia, kushoto, kulia. Bibi akajipangusa, akamgeukia Mzee Sadi kwa uso usio na mzaha hata kidogo: "Sadi, ukisikia kule kwenu kuko muzee anatafuta bibi, mwambie nimeshaombewa." Mama mmoja alianguka kwenye bega la mwenzake. Mzee Sadi alibana, alibana, kicheko kikamtokea puani, na kilipotoka kile cha kwanza, vingine havikuwa na wa kuvizuia.

Aliponyamaza alirekebisha kofia. "Lakini neno langu ni hili," akasema. "Kwetu mwanaume anamukaribia binti hivi, ni kaka yake ao ni adui yangu. Chagueni." Baba hakufikiri. "Ni mutoto yangu," alisema. Mzee Sadi akamwinua Tonyo kutoka sakafuni, akamgusa kipaji kwa kipaji, mara tatu, na namshukuru Mungu mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kujifunza kugusa bila kugonga. Zaina akaleta maji mengine. Tukanawa, tukala samaki, migebuka ya nazi, siku ikatajwa. Ndoa ilipofika, Tonyo ndiye aliyebeba sanduku la bibi harusi kichwani mpaka chomboni, kazi ya kaka, akilia waziwazi kama wanavyolia wanaume wa kwao, bila kuficha uso.

Mwaka uliofuata visima vilikwisha, akaenda zake. Lakini elimu aliyoniachia imenilisha. Nimefika San Paulo, nchini kwao, kununua suruali za kike na sandali, zaidi ya safari moja, bila mkalimani wa kulipwa. Mara ya kwanza niliingia kwenye duka la jumla, mwenye duka mama mzito mwenye miwani, nikamkaribia shavu kwa shavu, moja tu, maana mji ule ni wa moja, kisha nikaulizia watoto wake kabla sijagusa bidhaa. Akaita kahawa kabla ya kutaja bei. Wakongo wenzangu walioingia wakinyoosha kidole kwenye rafu, wenye Kifaransa chao kizuri, waliachiwa kijana wa kufunga maboksi. Kijana yeyote wa Fizi anayetaka kwenda kule aje kwangu, nitamfundisha bure: salimu wote, aga wote, usikatae kahawa, usimwonyeshe mtu duara la vidole, na usiwe wa kwanza kufika karamuni.

Zaina na Rashidi wapo. Vita vilipokuja vilitutawanya kama ndakala waliomwagika, wao wakavuka ziwa na watoto migongoni, wakakaa kambini miaka, wakarudi pamoja, wakajenga upya palepale Ubwari. Ndoa iliyokaribia kufa kwa ajili ya shavu haikufa kwa risasi wala kwa njaa. Wakati mwingine nafikiri ni kwa sababu siku ile kila mtu alilazimika kukaa chini na kusema anachokitaka. Siku hizi watu wa Baraka wanapishana kwenye pikipiki wananyanyua kidevu, hiyo ndiyo salamu, na hakuna anayekasirika, maana hakuna aliyetegemea chochote. Juzi binti yangu ameposwa. Watu wa kijana walipiga simu, wakataka tuonane kwenye kioo cha simu, mjomba yuko Lubumbashi, shangazi yuko Uvira, kila uso kwenye kidirisha chake, mmoja anakula. Walikuwa wamekwisha kuanza kuzungumza habari ya siku. Nikawaambia mimi kioo sikisalimii. Mimi nasalimu watu. Mwenye kumtaka binti yangu apande gari, apande boti, aje akae kwenye mkeka wangu, hata kama atanikosea. Nikakata simu. Mke wangu alisema nimemharibia mtoto, na binti mwenyewe hakunisemesha siku nzima. Walikuja. Walikuwa na vumbi la njia mpaka kwenye kope. Nikawasalimia mmoja mmoja, nikianzia mkubwa.